Manyoya ya beberu dhidi ya nyuzi za kiroba: kwa nini kolekole anachagua?

#1 MwanaMikindani
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima raha, naomba mnisaidie.

Navua kwa mshipi, natumia ngalawa ndogo, huku kati ya Mikindani na Msangamkuu. Kazi yangu kubwa ni kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya ngalawa ikitembea, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Chambo bandia natengeneza mwenyewe: ndoana, uzi wa kushonea viatu, na nyuzi nyeupe nilizochambua kwenye kiroba cha mbolea. Miaka miwili nimekula samaki kwa hizo nyuzi, sijawahi kulalamika.

Mwezi uliopita mzee mmoja jirani, ngalawa yake kama mita thelathini kutoka kwangu, alivuta kolekole wanne mfululizo. Mimi nikarudi na chuchunge mmoja, naye alijinasia ubavuni mwenyewe kwa bahati mbaya. Pwani nikamwomba mzee anionyeshe chambo. Manyoya ya beberu, meupe, urefu wa kidole cha kati. Basi. Hakuna shanga, hakuna karatasi ya kung'aa.

Nikaenda kwa mbuzi fulani (sitaki kusema wa nani), nikakata ndevu, nikafunga chambo tatu. Ya kwanza ikanipa kolekole wa kama kilo mbili. Ya pili ikanyonyoka baharini kama kuku wa sikukuu. Ya tatu haikumaliza wiki mbili, ikaanza kunuka kama mzoga.

Maswali: kwanza, kwa nini manyoya yanamshinda kiroba? Pili, ni ya mnyama gani na sehemu gani ya mwili?

#2 BisiNaSoda
Nimekaa siti ya mbele. Ntwara kuchele mpaka kwa mbuzi. Weka picha.

#3 MzeeWaKusi
Mwanangu, usihangaike. Beberu ananuka. Hata ukiwa upande wa pili wa uwanja unajua yupo. Samaki naye ana pua. Kiroba kina harufu gani? Ya mbolea. Wewe ungekula mbolea?

#4 FundiJiliwa
Mleta uzi umenigusa. Miaka sita nilifanya kazi kwenye karakana Nairobi, tunafunga chambo hizi za manyoya za kupeleka Ulaya. Wenyewe wanaita flai. Kenya ni kazi ya siku nyingi, tangu enzi za mkoloni, maana Wazungu walipandikiza samaki wa trauti kwenye mito ya milimani wakataka chambo zao. Mezani wengi wao ni akina mama, na mikono yao ni myepesi, usiombe mashindano. Unabana ndoana kwenye jiliwa ndogo, unafunga, unatoa, nyingine.

Nianze na swali la pili, maana hilo nalijua kwa vidole.

Usiulize mnyama gani kabla hujauliza sehemu gani. Beberu mmoja amebeba manyoya ya tabia tofauti kabisa. Ndevu ni ndefu lakini zina mawimbi na zinakakamaa. Za ubavuni ni fupi, waachie wanaojaza mito. Za mapajani kwa nyuma ni laini, zinacheza vizuri, ila zikilowa zinagandana. Zile zinazosimama juu ya uti wa mgongo, kuanzia shingoni mpaka karibu na mkia, ndizo zenyewe: ndefu, zimenyooka, ncha imechongoka kama sindano. Chambo nzuri lazima iwe na ncha za asili. Ukikata ncha kwa mkasi, umbile linakuwa la brashi ya viatu, siyo la dagaa.

Sasa angalia. Shika shungi moja kwa ncha, kaza vidole, halafu chana upande wa shina kwa kitana cha chawa. Utaona vinyoya vifupi, laini kama pamba, vinabaki kwenye kitana. Hivyo ni vya ndani, vya kumpa mnyama joto. Ukiviacha, chambo inavimba shingoni, uzi haushiki, na ndiyo maana ya kwako imenyonyoka. Vitunze lakini, vina kazi ya kuviringisha mwili wa chambo ndogo.

Halafu unene. Watu wote wanaoanza wanazidisha. Shungi liwe nene kama njiti mbili za kiberiti, si zaidi. Osha kwa sabuni ya unga kwanza, manyoya ya beberu yana mafuta, yanateleza. Paka nta kwenye uzi. Zungusha mara mbili kwa ulegevu, ya tatu vuta, kisha tone la gundi kwenye mashina KABLA hujafunika kwa uzi. Gundi ya juu ni urembo.

#5 BintiKitunda
#4 asante, nimejifunza. Ila kuna kitu hakijajibiwa. Mleta uzi anasema chambo imeoza kwa wiki mbili. Nywele haziozi hivyo jamani, kaburi likifukuliwa nywele ndizo zinakutwa. Kaka, uliihifadhi wapi?

#6 MwanaMikindani
#5 dada, kwenye kopo la siagi, lenye kifuniko. Nikitoka baharini nazirudisha humo.

#7 BintiKitunda
Basi. Ulifungia ute na damu ya samaki kwenye unyevu, halafu jua likapika. Manyoya hayana kosa. Baba yangu alivua miaka mingi mdomo wa Lukuledi, chambo zake zote alikuwa anazisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuzitundika kwenye waya wa dirisha. Sisi watoto tulikatazwa kusogea hapo. Mdogo wangu aliwahi kunasa sikio.

#8 TichaFizikia
Wakuu, naomba niingie kwa swali la kwanza, na kwa heshima napingana na mzee #3.

Kiroba ni polipropilini. Uzito wake ni kama 0.9 ukilinganisha na maji, yaani kinaelea. Maji ya bahari ni kama 1.025. Nywele na kucha ni keratini, karibu 1.3, zinazama. Kwa hiyo chambo ya kiroba, ukiivuta taratibu, inapanda juu, na ya manyoya inakwenda chini kidogo. Huenda mzee hakuwa na chambo bora, alikuwa na kina bora. Mita moja tu inatosha.

Tena manyoya ya mnyama yanakunywa maji. Sufi inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaona kama imelowa.

#9 Mwera_Asilia
#8 mwalimu, SUFU. Sufi ni ya mti, msufi, tunajazia mito na magodoro. Sufu ni ya kondoo. Na sufi hainywi maji kabisa, zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea melini.

#10 TichaFizikia
Nakubali kusahihishwa, sufu. Kidole kiliteleza.

#11 BisiNaSoda
Kidole kimeteleza kwenye somo la kuelea na kuzama, mwalimu kazama. 😂

#12 FundiJiliwa
#9 umenifungua. Sufi kweli haishiki maji, kila uzi wake una uwazi ndani na nta juu. Pale kazini kwa chambo za kuelea tulitumia manyoya ya swala wa Marekani, ya mwilini, yana vyumba vya hewa. Ukikaza uzi yanatawanyika kama jua linachomoza. Ya mkiani kwa mnyama huyohuyo ni magumu zaidi na hayatawanyiki sana, hasa ya kuelekea ncha, ndiyo ya chambo za baharini. Kuna moja inaitwa Clouser, ya Bob Clouser wa Pennsylvania, mkia wa swala na macho mawili ya risasi, basi, inavua kila pembe ya dunia. Kabla yake Lefty Kreh alikuwa na ya kwake, Deceiver, mkia wa swala na manyoya marefu ya jogoo. Marekani waliiweka hadi kwenye stempu ya barua mwaka 1991. Sisi mbuzi wetu nani atamtia kwenye stempu?

Kwa hiyo hata #8 hayuko sahihi moja kwa moja akisema nywele zinazama. Inategemea nywele za nani.

#13 Nahodha_Msimbati
Nawasoma tangu asubuhi, nacheka. Mzee aliyevuta wanne anajua jiwe liko wapi na maji yanageuka saa ngapi. Mpe kamba ya viatu, atavua. Mleta uzi hajasema ilikuwa bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), hajasema maji yanajaa au yanatoka, hajasema mzee alikuwa upande gani wa mkondo. Mita thelathini baharini ni kijiji kingine.

#14 MwanaMikindani
#13 kaka, bamvua, maji yanatoka. Mzee alikuwa upande wa kina, mimi upande wa mwamba.

#15 Nahodha_Msimbati
Uzi ufungwe.

#16 Kuchi_Mweusi
Usifungwe bwana. Mimi nafuga kuchi hapa Naliendele, naomba jogoo naye atajwe. Manyoya ya shingoni na yale yanayoning'inia kiunoni ni marefu, membamba, yanapinda yakivutwa na kunyooka ukiacha. Nimewauzia jamaa wawili wa Shangani wanaovulia. Na hili si jambo jipya, kuna mwandishi wa Kirumi, Aelian, miaka kama 1,800 iliyopita, alieleza Wamakedonia walivyofunga sufu nyekundu (SUFU, #9 unaona) kwenye ndoana na manyoya mawili ya jogoo. Mbuzi hayumo.

#17 ShemejiWaChuno
Samahani nje ya mada kidogo. Huyo mbuzi ambaye mleta uzi "hataki kusema wa nani" ana baka jeusi shingoni?

#18 BisiNaSoda
Eeeh! Nimeongeza bisi.

#19 MwanaMikindani
Shikamoo shemeji.

#20 ShemejiWaChuno
Marahaba. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi, nimemwita mtaalamu wa mifugo, nimelipa. Mnyama ana ndevu upande mmoja kama kijana aliyekimbia kinyozi.

#21 DadaKilwa
Nimelia kwa kucheka, mume wangu ananiuliza kuna nini.

Huku Kilwa Kivinje niliona watu wakifunga vitambaa vyeupe vilivyochanwa nyembamba, na karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za biskuti. Nguru wanakula. Kwa hiyo nguru wetu hawana habari ya mbuzi wala pua.

#22 MzeeWaKusi
#21 binti yangu, nguru ni mlafi, anauma hata mwezi ukidondoka. Kolekole ana adabu. Mimi nasimamia harufu.

#23 FundiJiliwa
Mzee wangu, kwa heshima: tulikuwa tunaosha manyoya mara mbili, tunayatia rangi kwenye maji ya moto yenye siki, hayabaki na harufu ya chochote, na bado yanavua. Mimi naamini ni pumzi. Ukivuta chambo, manyoya yanalala. Ukiacha, yanafunguka. Vuta, lala, acha, funguka. Kitu kinachopumua kinaliwa. Nyuzi za kiroba ni bapa na zina kumbukumbu, zikipinda ndani ya kopo zinabaki zimepinda.

Kwa rangi, usihangaike kuagiza. Zile za unga ambazo akina mama wanatilia ukili wa mikeka zinashika manyoya vizuri, weka siki au ndimu. Kijani na waridi nimejaribu mwenyewe. Nyekundu ni ya kumfurahisha mvuvi, ndani ya maji nyekundu inakufa mapema, mita chache tu inakuwa kama kijivu.

#24 TichaFizikia
#23 hapo kwa rangi uko sahihi, mwanga mwekundu ndio unaomezwa na maji kwanza. Na hilo linanipa wazo jingine: nyuzi za kiroba hazipitishi mwanga na zinametameta kwa ubapa wake. Unywele mweupe unapitisha mwanga kidogo. Samaki akitazama kutoka chini anaona kivuli laini, kama dagaa. Sijafuta hoja yangu ya kina, naongeza.

#25 Nahodha_Msimbati
Mwalimu sasa ana hoja mbili na samaki sifuri.

#26 Porini_Lindi
Wakuu, kwa nini mnakazana na mbuzi? Kuna nungunungu, kuna mbega ana singa nyeupe ndefu balaa, kuna paa. Nina jamaa Liwale anaweza kupata mkia wa nyumbu, usinga wa nguvu.

#27 BintiKitunda
#26 futa haraka. Hiyo ni nyara ya Serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haichezi, manyoya, ngozi, mwiba, vyote vimo. Utakamatwa na chambo mfukoni halafu uanze kumweleza hakimu habari za kolekole.

#28 FundiJiliwa
#27 hata Ulaya ni hivyohivyo. Mwaka 2009 kijana mmoja Mmarekani aliingia usiku kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege wa zamani, shida ni manyoya ya kufungia chambo za samoni. Alikamatwa. Na wafungaji wengi wa hizo chambo hata hawavulii, wanatundika ukutani!

Kuna unyoya mwingine unaitwa marabu, laini kama moshi. Jina limetoka kwa yule korongo wetu mwenye kipara anayeshinda majalalani.

#29 Kuchi_Mweusi
Kwa hiyo tukiokota manyoya yake jalalani tunatajirika?

#30 FundiJiliwa
Hapana, naye ni ndege wa porini, soma #27. Zamani ndiyo yalikuwa yake, siku hizi wanauza ya bata mzinga, jina ndilo limebaki.

#31 Mwera_Asilia
Na katani je? Lindi tuna mashamba ya mkonge pale Kikwetu, nyuzi nyeupe, ndefu, halali, hakuna wa kukushitaki.

#32 Nahodha_Msimbati
Nimejaribu. Ngumu kama ufagio. Haichezi. Ikikaa kwenye chumvi inakatika. Hata sufi ile ya magodoro nimejaribu, inaelea kweli, halafu inatoka yote kwa kolekole wa kwanza.

#33 ShemejiWaChuno
Nimesoma uzi wote mpaka #4 ya yule fundi. Mwanangu, mgongo usiguse. Huyo ni wa Idi. Tukimchinja ngozi nitakupa yote, na gharama ya mtaalamu wa mifugo utanirudishia kwa kolekole.

#34 MwanaMikindani
Shemeji Mungu akuzidishie. Wakuu, ngozi nzima naihifadhije?

#35 FundiJiliwa
Ikwangue mafuta yote upande wa ndani, hapo ndipo wadudu wanapoanzia. Paka chumvi ya kutosha, iwambe kwenye ubao, ikauke KIVULINI. Juani inakuwa kama chapati ya jana na manyoya yanakatika. Ikikauka, kata vipande, weka kwenye bahasha ya karatasi na vidonge vya nondo. Wadudu wa ngozi wanakula kimyakimya, unafungua bahasha unakuta unga. Nilipoteza shingo nzima za jogoo hivyo.

#36 BintiKitunda
Niongeze moja muhimu. Msichukue manyoya wala ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Kimeta kinakaa kwenye ngozi na sufu muda mrefu sana, na kinampata binadamu. Aliyechinjwa na kukaguliwa tu.

#37 MzeeWaKusi
Binti huyu kalelewa. Baba yako alivulia nini pale Lukuledi?

#38 BintiKitunda
Asante babu. Chambo za singa za mkia wa ng'ombe, nyeusi, kwa usiku. Alisema usiku samaki anaona kivuli, siyo rangi.

#39 TichaFizikia
Hiyo inaunga mkono hoja yangu ya #24.

#40 Nahodha_Msimbati
Kila kitu kinaunga mkono hoja yako. Mleta uzi, fanya hivi: badilishaneni na mzee. Yeye achukue kiroba chako, wewe chukua beberu wake, na kaa upande wake wa mkondo. Halafu njoo useme.

#41 MwanaMikindani
Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, upepo ulikuwa mkali.

Nilimwomba mzee, akakubali, akacheka sana. Siku ya kwanza tulibadilishana chambo na sehemu. Mzee kwa kiroba upande wa mwamba: hakupata. Mimi kwa beberu upande wa kina: kolekole wawili. Siku ya pili tukabadilishana sehemu tu. Mzee kwa kiroba upande wa kina: kolekole mmoja, mkubwa kuliko wote tuliopata, nimemshika mwenyewe, mkia wake ulivuka ukingo wa ngalawa. Mimi kwa beberu upande wa mwamba: nilipata pigo moja tu, mshipi ukarudi umekatika kama kwa wembe. Mzia, au nguru. Chambo ya mzee imekwenda.

#42 Nahodha_Msimbati
Nilisema. Upande wa kina.

#43 FundiJiliwa
Ila upande wa mwamba beberu alipata pigo na kiroba hakikupata kitu.

#44 TichaFizikia
Siku mbili hazitoshi. Na mzee alifunga risasi kwenye kiroba? Kama alifunga, kilizama, na hoja ya kina iko palepale.

#45 MwanaMikindani
#44 alifunga. Chubwi ndogo, shubiri moja mbele ya chambo. Sikumwambia, alifunga mwenyewe.

#46 MzeeWaKusi
Na kabla ya kukitupa alikishika? Mkono wake ulikuwa na harufu ya beberu.

#47 DadaKilwa
Babu huyu 😂😂

#48 FundiJiliwa
Mleta uzi, hujasema ndoana namba ngapi, na kipande cha waya mbele uliweka? Kwa meno ya mzia usitumie nailoni tupu.

#49 MwanaMikindani
Waya sikuweka, ndiyo nimejifunza. Mzee anadai chambo yake, naomba anayejua kufunga vizuri anielekeze nimlipe mbili. Ndevu zilizobaki upande wa pili shemeji amezikataza.

#50 Kuchi_Mweusi
Njoo Naliendele Jumamosi, nakupa shingo la jogoo bure. Usije na mkasi.

#51 BisiNaSoda
Kurasa zote hizi na mpaka sasa hakuna picha ya mbuzi.

#52 ShemejiWaChuno
Hapigwi picha mpaka ziote.